Habari Iliyoishia Langoni

Ngokolo, Shinyanga
10 Septemba 1976

Kwako mdogo wangu Fikirini,

Nakusalimu kwa sababu tulilelewa kusalimiana. Sisi tu wazima, mfungo tunakwenda nao hivyo hivyo na jua hili. Tabu yuko darasa la tatu na amerefuka, magauni yote ya Idi iliyopita yanamwishia magotini. Baba Tabu bado yuko Mwakitolyo kwenye mashimo ya dhahabu. Kila akirudi analeta vumbi na hadithi. Mama hajambo.

Sasa lililonishikisha kalamu. Jumanne tumesoma hitima ya arobaini ya baba. Watu walikuja wengi, wa msikitini na wa kinu cha pamba alikofanya kazi tangu ujana wake. Hata mafundi wawili wa mgodi wa almasi wa Mwadui walikuja, wale waliokuwa wanakufungulia uwanja wa saruji ukacheze mpira wa kikapu na watoto wao. Kila aliyeingia aliangaza macho ukumbini, kisha akaniuliza kwa upole, "Na Fikirini?" Nimechoka kusema uko safarini. Nimechoka kusema uongo ndani ya Ramadhani kwa ajili yako.

Baba alifariki alfajiri ya Ijumaa. Maige, mtoto wa mjomba, alikuwa huko Dar akifanya kazi reli, akapigiwa simu ya stesheni. Mchana akatupigia: habari imefika kambini kwa timu yenu, na shirika linakupandisha ndege hadi Mwanza, kesho asubuhi uko nyumbani. Unajua sisi hatumweki maiti. Shehe alitaka azikwe Ijumaa ile ile. Mama akalia, akasema mtoto wa kiume ni mmoja, naye ndiye wa kumshusha baba yake kaburini. Wazee wakamhurumia. Tukamlaza baba ndani, tukamzungushia majani ya mwarobaini, tukakesha tukisikiliza gari. Jumamosi mchana shehe akasema basi. Aliyeingia kaburini mahali pako ni Baba Tabu.

Na hayo ningeyameza. Ndege huharibika. Lakini Jumapili jioni tumekaa mkekani, jirani yetu Mama Mabula ameiacha redio inalia kwake asijue kinachokuja, na mtangazaji wa fainali yenu anapiga kelele, Fikirini Akida, Fikirini Akida tena, Maturubai mabingwa! Mama Mabula alitoka mbio kwenda kuizima, akasema, "Mayu wee, mama yangu, nisameheni." Yeye ndiye aliyeomba msamaha, Fikirini. Wewe hata mstari mmoja.

Walikuahidi nini huko ili ucheze na baba yako yuko udongoni siku moja tu? Kama huna jibu, usihangaike kuandika.

Dada yako,
Mwahija


Chang'ombe, Dar es Salaam
28 Septemba 1976

Dada Mwahija, shikamoo.

Natumaini mmefungua salama na Idi imepita vyema. Mpe Tabu mkono wa Idi kutoka kwangu. Msalimie Baba Tabu akirudi.

Barua yako nimeipokea jana. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za ofisi, na nilipofika "arobaini ya baba" nikadhani unasema baba mdogo wa Tabora. Nikarudia. Nikarudia tena. Dada, ni wewe uliyeniambia kwamba baba amekufa. Sikuambiwa na mtu mwingine yeyote kabla ya barua hii.

Sijui uniamini vipi. Sina shahidi. Mwezi wa nane tulikuwa ziarani Arusha na Moshi, na kutoka kule nilimwandikia baba, nikamuuliza kama kikohozi kimepungua. Je, mtu anayejua anaweza kuandika hivyo?

Siku zile tulikuwa kambini, tunalala shuleni, lango linafungwa, mgeni haingii. Meneja wetu, Bwana Donatus, alisema ni kwa ajili ya utulivu kabla ya fainali. Unaijua kazi yangu. Nimeandikwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha maturubai, lakini ghala lenyewe silijui harufu. Mshahara, chumba, hata viatu, vyote napewa kwa kucheza. Wakisema lala kambini, nalala.

Niambie Maige alisema na nani. Jina, au sura yake. Sitamwendea mtu kabla sijajua.

Na mama? Umeandika "hajambo" na ukaishia hapo. Niandikie vizuri habari za mama.

Ndugu yako,
Fikirini


Ngokolo, Shinyanga
24 Oktoba 1976

Fikirini mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wameanza kutifua. Tabu aliumwa homa, sasa anakula. Baba Tabu amekuja na kuondoka, safari hii ameleta kuku. Mama hajambo.

Barua yako ya Arusha kwa baba ilifika hapa wiki mbili baada ya mazishi. Mimi nikadhani imekaa posta tangu kabla. Sikumsomea mama, niliificha chini ya godoro. Baada ya jibu lako nimeisoma tena, nimelia.

Kisha nikapanda treni ya mizigo hadi Isaka, kwa sababu Maige amehamishiwa huko, anapakia pamba kwenye mabehewa. Nilimkuta kifua wazi, ana nyuzi za pamba hadi kwenye nyusi. Nikamwambia, "Niambie ulivyosema na aliyekujibu. Usiongeze."

Akasema alifika langoni mchana. Mlinzi akamwita mtu mnene wa wastani, ana shati jeupe na filimbi shingoni. Maige akamwambia, "Nimekuja kumpa Fikirini habari ya msiba. Baba yake amefariki leo."

Yule mtu akavua kofia kabisa, akasema, "Inna lillahi," na yeye si Mwislamu. Akasema, "Mimi ndiye meneja. Habari kama hii inataka mtu mzima aiseme taratibu. Niachie mimi. Shirika litampandisha ndege, kesho yuko kwao."

Maige akaomba akuone dakika moja akupe mkono. Akajibiwa uko unapumzika. Maige akamshukuru! Akaenda kutupigia simu, akapanda treni kuja mazikoni na roho nyeupe. Alipofika Jumapili hakukukuta, akaona haya hata kututazama. Tangu siku ile alikuwa anakutukana kila kijiwe cha Isaka. Nilipomweleza aliketi juu ya robota la pamba.

Sasa jina unalo. Nataka kujua atakujibu nini. Nataka kila neno. Halafu nataka kujua jambo la pili: umeshajua tangu mwezi wa tisa, na bado hujaja. Kwa nini?

Mwahija


Chang'ombe, Dar es Salaam
19 Novemba 1976

Dada, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Nimekutumia kitenge na sabuni kwa mkono wa dereva wa lori la shirika anayepita Shinyanga. Namshukuru Mungu Tabu amepona.

Nilimfuata Donatus ofisini. Nilikuwa nimejiambia nitasema kwa adabu, naye alinipokea kwa tabasamu akidhani nimekuja kudai viatu. Nikamuuliza, "Ijumaa ile kabla ya fainali, nani alikuja langoni?"

Hakukana. Dada, angekana ningepata nafuu. Alifunga mlango akasema, "Kaa."

Nikasema, "Nasimama."

"Ungekwenda ungefanya nini, Fikirini? Ungemfufua?"

"Ningemzika."

"Wangemzika wenzio. Kuzika hakuhitaji mtu mwenye kipaji. Mimi nilikuwa na kombe, nina mkurugenzi, nina nchi nzima kwenye redio. Nilipanga kukuambia Jumatatu. Jumatatu mkawa na sherehe, nikaona nisikuharibie. Kisha tukaenda Arusha. Jambo likichelewa linakuwa zito kulisema, hata wewe unajua."

Alisema vile kama anayenielezea foleni ya sukari.

Na si yeye peke yake. Siku ya fainali tulifungwa kitambaa cheusi mkononi. Nahodha wetu Gregory ndiye aliyetufunga, mmoja mmoja. Nilipomuuliza msiba wa nani akasema mama yake mkurugenzi. Mimi nikasema, Mungu amrehemu. Baada ya kutoka kwa Donatus nikamfuata Gregory, nikamuuliza upya. Akainama. Alikuwa amesikia kila kitu pale langoni, akakatazwa kusema, akaona basi angalau baba yangu afungiwe kitambaa. Nimevaa msiba wa baba yangu nikimwombea mama wa mtu mwingine. Nimeruka nao, nimeshangilia nao, nimebebwa juu nao. Gregory nilikuwa nalala naye chumba kimoja.

Umeniuliza kwa nini sijaja. Mwanzoni walininyima ruhusa. Mwezi huu walinipa siku chache, lakini nikapata dharura, sikuweza kufika. Januari kuna mashindano ya vilabu Lusaka. Wanasema nikikataa kwenda, kazi na chumba vinakwenda na jezi, na chama cha kikapu kitanifungia nisichezee timu nyingine. Nina miaka ishirini na minane. Nikifungiwa, ndiyo basi.

Mara ya pili nakuuliza: mama anasemaje?

Fikirini


Ngokolo, Shinyanga
2 Desemba 1976

Mdogo wangu,

Kitenge kimefika, sabuni moja dereva amejilipa mwenyewe. Tabu amekuwa wa nne darasani. Mahindi yameota vizuri.

Nina mengi, na naandika kwa hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Jumamosi Land Rover imesimama mlangoni. Akashuka mtu mnene wa wastani. Hakuwa na filimbi, lakini nilimjua kabla hajataja jina. Nyuma yake kijana amebeba mfuko wa mchele, sukari, doti mbili za khanga na picha yako kubwa ndani ya fremu, umenyanyua kombe. Katika wiki ambazo sisi tunapanga foleni tangu alfajiri kwa nusu kilo ya sukari! Akasema ametoka Mwanza kikazi, ameona apite kutoa pole.

Sikutaka aingie. Mama akasema kutoka ndani, "Mkaribishe." Unajua mama alikuwa bado yuko eda, haonani na wanaume wa kando. Akakaa nyuma ya pazia la chumba chake, mgeni akapewa kiti ukumbini, nami nikakaa mkekani katikati yao.

Donatus akaanza. Akasifu nyumba, akamsifu marehemu ambaye hakumjua. Halafu akasema, "Mama, mwanao ni mali ya taifa sasa. Lakini amekuwa na kinyongo, anataka kuacha safari ya Lusaka. Wewe ni mzazi, neno lako moja atalisikia."

Kisha mama akauliza, "Maige alipokuja langoni kwenu alimkuta nani?"

"Alinikuta mimi, mama."

"Ukamwambia mwanangu?"

"Ilikuwa Ijumaa, mama, na fainali Jumapili. Niliona nimwambie baadaye, kwa faida yake."

"Na ndege?"

Hapo akacheka kidogo, cheko la aibu. "Ile nilisema tu, mama, ili yule kijana aondoke na amani."

Fikirini, sasa nikuambie nililokuficha. Mama alikuwa hakuamini. Barua yako ya mwezi wa tisa nilimsomea, akasema umejifunza uongo mjini. Tangu redio ile hakutaja jina lako. Waliokuja kumtazama aliwaambia ana mtoto mmoja, ndiye mimi. Ningekuandikia hayo vipi? Niliandika hajambo, maana alikuwa anakula na analala.

Alipomaliza yule mtu, nilisikia mama anahema nyuma ya pazia kama aliyepanda mlima. Akasema, "Nilimzuia mume wangu asizikwe kwa ajili ya ndege yako. Nilibishana na shehe kwa ajili ya ndege yako. Wazee walinisikiliza kwa huruma, nikamlaza maiti wangu usiku kucha, na wewe ulikuwa unataka kijana aondoke langoni."

Donatus akasema, "Mama, nimekuja kuomba..."

"Hukuja kuomba. Umekuja kumchukua tena. Mwahija, mpe mgeni maji. Akishakunywa, vitu vyake virudi kwenye gari, hata hiyo picha. Sura ya mwanangu naijua."

Akanywa maji. Niliona koo lake linavyopanda na kushuka, nikatamani yamkwame, Mungu anisamehe. Mchele nimeubeba mwenyewe hadi garini, sikumwachia yule kijana.

Usiku mama alikutaja. Aliniuliza kama bado unalala miguu inatokeza nje ya kitanda.

Sasa zamu yako. Dharura gani iliyokuzuia mwezi uliopita? Usinifiche, mimi nimekwisha kukufunulia.

Dada yako,
Mwahija


Dar es Salaam
3 Januari 1977

Dada yangu Mwahija, shikamoo. Na mama, shikamoo yake mfikishie kwa mkono wako.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeihifadhi kichwani. Mwaka mpya umenikuta kwa rafiki yangu mmoja Temeke, nalala kwenye jamvi, miguu inatokeza nje ya mlango. Mwambie mama.

Dharura ni hii. Nilipopewa zile siku chache nilipanda treni. Kabla ya Tabora akaingia mama mmoja wa Ngokolo, sikumjua, naye hakunijua kwa kuwa nilikuwa nimekaa, urefu wangu hakuuona. Tukazungumza. Akataja msiba wa Mzee Akida wa kinu cha pamba, akasema mjane wake anawaambia watu ana mtoto mmoja tu, binti, yule mcheza mpira alikwisha kufa kabla ya baba yake. Nikamuuliza, "Amesema hivyo mwenyewe?" Akaapa. Nilishuka Tabora, nikaketi stesheni mpaka treni ya kurudi Dar. Niliogopa. Mimi ninayegongana na majitu ya mita mbili nilimwogopa mama yangu aliye ndani ya eda. Ndiyo maana sikukuandikia.

Baada ya barua yako nilikwenda mazoezini siku moja zaidi. Wachezaji wote walikuwepo, na Donatus, na wakubwa wawili wa shirika waliokuja kutuaga kwa Lusaka. Nikamkabidhi jezi mbele yao, imefuliwa na kukunjwa. Mkubwa mmoja akauliza, "Una nini, Fikirini?" Nikamwambia lote, toka langoni hadi ndege. Sikupaza sauti. Nilidhani atashtuka. Akamtazama Donatus, akatazama saa, akasema, "Hayo mambo ya kifamilia tungeyazungumza mkirudi." Mambo ya kifamilia! Walikaa na maiti ya baba yangu mfukoni miezi miwili, leo imekuwa familia.

Gregory na wenzangu walitazama chini. Hakuna aliyefungua mdomo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya chumba, zaidi ya kazi.

Barua ya chama imekuja upesi kuliko barua zako zote: nimefungiwa miaka miwili kwa utovu wa nidhamu. Gazeti likaandika nimelewa sifa, nimelisaliti taifa. Mwandishi hakuja kuniuliza. Na Donatus amepandishwa cheo, sasa anasimamia michezo yote ya shirika. Nikifunguliwa nitakuwa na thelathini na magoti yangu yanalia sasa hivi. Nimecheza mchezo huu tangu nina miaka kumi na mbili, na sijui nitaamkaje asubuhi bila mazoezi. Lakini nimekwisha kuutua.

Nakuja na treni ya Alhamisi. Safari hii sishuki Tabora hata akiingia nani.

Fikirini


Ngokolo, Shinyanga
19 Juni 1977

Mpendwa mdogo wangu,

Tunashukuru kusikia Mwanza imekupokea na wale wasichana wa shule unaowafundisha kikapu wameanza kukuzoea. Chama hakiwezi kukufungia kufundisha watoto. Pamba imevunwa vizuri, kinu kinalia usiku na mchana. Baba Tabu ameacha machimbo, anasema mgongo umemshinda. Mama mzima kabisa. Tangu ulipokaa naye ile miezi mitatu sauti imemrudi, anagombana na wauza kuku sokoni kama zamani. Ijumaa alikwenda kaburini, akapalilia mwenyewe.

Wiki iliyopita tumepata mgeni. Alikuja kwa treni, mrefu wa kuinama mlangoni, mkononi hana kitu. Akasema, "Mimi ni Gregory." Nikabaki nimesimama mlangoni, sikumpa njia. Mama ndiye aliyesema apite.

Alikataa kiti, akakaa mkekani na magoti yake yale hadi kidevuni. Ameacha Maturubai, baada ya Lusaka walikofungwa vibaya. Akamweleza mama yote: alivyosikia pale langoni, alivyokatazwa, alivyochana kitambaa cheusi mwenyewe. Akasema, "Mama, nilidhani nafanya jambo. Nilikuwa najificha tu." Akalia, na wewe unajua kulia kwa mtu mkubwa kunavyojaza nyumba.

Mama akamwacha alie. Kisha akamuuliza kwao ni wapi, akasema Bukoba. Akamuuliza kama wazazi wako hai, akasema mama bado yupo. Mama akamwambia, "Basi nenda ukamwone kabla hujarudi mjini. Mimi nimekwisha kukusamehe." Akampa mkono. Akaniambia nimchemshie chai, nichinje na jogoo.

Nilichemsha chai. Jogoo nilimchinjisha, nikampika, nikampakulia paja. Alfajiri nikamsindikiza stesheni, kwa sababu ni mgeni wa mama. Treni ilipokaribia akaniuliza, "Dada, na wewe?"

Nikamwambia, "Mimi usiku ule nilikuwa nje na taa, nikisikiliza gari. Mama ana moyo wake, mimi nina wangu."

Akatikisa kichwa, akapanda. Alisimama dirishani muda wote, nami sikumpungia.

Najua utaniandikia kumtetea, maana amesema anapitia kwako Mwanza kesho yake. Mpokee ukitaka, mlishe, mlale chumba kimoja kama zamani. Usiniombe mimi. Mimi bado nina hasira, Fikirini, na sioni haraka ya kuziacha.

Dada yako,
Mwahija